Mang'ola, Kata ya Lugha Nne

Sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima, na wa Mang'ola wamo. Hakuna aliyeulizwa kabila. Mara ya mwisho swali hilo kuwemo kwenye dodoso la taifa ilikuwa 1967. Naona kuliacha ni busara. Ila kata hii ya Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, huwezi kuijua kwa jumla ya vichwa tu.

Kati ya wenye lugha hizo nne, wa kwanza ni Wahadzabe, wawindaji na warina asali. Ukiwajumlisha wote wanaozunguka Eyasi, ni kati ya 1,000 na 1,500 hivi, na lugha yao ya vidoko haijapatikana ndugu popote duniani. Wadatoga ni wafugaji Waniloti. Wamasai waliwasukuma kutoka Ngorongoro karne ya 19, wakashuka na ng'ombe wao. Wairaqw, wenye lugha ya Kikushi, walikuja na jembe kutoka milima ya Mbulu. Wanyisanzu, Wabantu, walitokea ng'ambo ya ziwa.

Lililowakutanisha ni maji. Ziwa lenyewe ni magadi, lakini chemchemi za Qangded hazikauki, na mifereji yake imegeuza nyika kuwa majaruba ya vitunguu. Siku za mavuno barabara inajaa lumbesa, na vibarua wanafika kutoka kila mkoa. Fedha hiyo imesomesha watoto wengi, sikatai. Lakini kila jaruba jipya hula pori, na pori ndilo ghala la Mhadzabe: mizizi, mabuyu, asali, swala. Wenzao wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011. Ilistahili kutolewa mapema zaidi, na Mang'ola nako wanaihitaji.

Anayetaka kuwaona majirani hawa wakitegemeana aende kwa mhunzi wa Kidatoga. Mivukuto ya ngozi inapumua, msumari wa inchi sita unawekwa kwenye makaa hadi uwe mwekundu, kisha unapondwa kwa nyundo mpaka ubapae na kuchongoka kuwa kigumba cha mshale. Mhadzabe anayekingojea amechuchumaa pembeni, asali yake chomboni. Bei wanaijadili kwa Kiswahili.