Susan Denham

Susan Denham (alizaliwa Dublin, 22 Agosti 1945) ni jaji mstaafu wa Ireland, mwanamke wa kwanza kuketi katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo na wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wake. Baba yake, Douglas Gageby, alikuwa mhariri wa gazeti la The Irish Times. Babu yake, Seán Lester, alikuwa Katibu Mkuu wa mwisho wa Shirikisho la Mataifa.

Alisomea sheria Trinity College, Dublin, na Columbia, New York. Akaanza uwakili mwaka 1971, akaingia Mahakama Kuu 1991, na mwaka uliofuata tu akapandishwa Mahakama ya Juu.

Kesi nzito haikukawia. Mwaka 1995 familia moja iliomba ruhusa ya kuondoa mpira wa kumlishia binti yao, aliyekuwa kitandani bila fahamu kamili kwa zaidi ya miaka 20 baada ya kuathirika akiwa chini ya nusukaputi katika upasuaji mdogo. Denham alikuwa miongoni mwa majaji wanne waliokubali, mmoja alipinga. Mwaka 2001 ikawa zamu yake kubaki peke yake. Wenzake wanne walikataa mahakama imwamuru waziri kujenga vituo vya watoto wenye matatizo makubwa ya tabia. Yeye aliona kwamba haki za watoto zikivunjwa, jaji anaweza kutoa amri ya namna hiyo.

Hata hivyo, alama yake kubwa haimo katika hukumu bali katika uendeshaji wa mahakama, kazi isiyo na mbwembwe. Kikosi kazi alichokiongoza kuanzia 1995 ndicho kilichozaa Huduma ya Mahakama, chombo huru kilichoanza kazi 1999. Kisha kulikuwa na tatizo la foleni ya rufaa. Rufaa za Mahakama Kuu zilimiminika moja kwa moja Mahakama ya Juu, na mtu aliweza kusubiri miaka minne kusikilizwa. Denham alipendekeza mahakama ya katikati. Akiwa Jaji Mkuu tangu Julai 2011, aliipigia debe mpaka wananchi wakaikubali kwa kura ya maoni ya Oktoba 2013. Mahakama ya Rufaa ilifunguliwa mwaka mmoja baadaye.

Alistaafu 2017 akamwachia kiti Frank Clarke, lakini hakuachwa apumzike. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilimwomba achunguze mwenendo wa jaji Séamus Woulfe, aliyehudhuria karamu ya wacheza gofu huko Clifden wakati wa masharti ya korona. Hilo lilihitajika kwa sababu Baraza la Majaji, ambalo Denham alilidai kwa miaka mingi, lilikuwa limeshaundwa ila utaratibu wake wa nidhamu ulikuwa haujaanza kutumika. Denham aliandika kuwa Woulfe hakupaswa kwenda, lakini kumtaka ajiuzulu kungekuwa kumwonea. Clarke hakuridhika, akamwambia Woulfe kwamba kwa maoni yake anapaswa kuondoka. Woulfe akakataa.