Mwalimu wa Pune na mwanafunzi aliyewauliza Mabramini maswali

Mwaka 1855 gazeti la Dnyanodaya, lililotolewa na wamisionari wa Kimarekani huko magharibi mwa India, lilichapisha insha ya Kimarathi iliyoandikwa na mtoto wa kike. Jina lake Muktabai. Alikuwa wa jamii ya Wamang, watu waliohesabiwa najisi, wasioruhusiwa kugusana na wa tabaka la juu wala kuchota maji kisimani kwao. Hakuandika kwa unyenyekevu. Aliwauliza Mabramini, tabaka la makuhani waliodai kwamba vitabu vitakatifu vya Veda ni vyao peke yao, sasa yeye na jamaa zake dini yao ni ipi. Akasimulia walivyofukuzwa katika ardhi yao, na jinsi wanawake wao walivyojifungulia nje, hawana hata paa la kuwakinga. Akakumbusha enzi za watawala wa Peshwa, pale mtu wa tabaka lake alipoweza kukatwa kichwa kwa kosa la kupita mbele ya uwanja wa mazoezi. Mwishoni akawageukia watu wake na kuwasihi wasome.

Muktabai alikuwa na miaka michache tu ya masomo, na shule aliyosoma iliendeshwa na Savitribai Phule pamoja na mumewe, Jotirao.

Savitribai mwenyewe aliingia ndoani bila kujua kusoma. Alizaliwa tarehe 3 Januari 1831 katika kijiji cha Naigaon, wilaya ya Satara, akaozwa mwaka 1840 akiwa na umri wa miaka 9. Bwana harusi alikuwa na miaka 13. Wote wawili walikuwa Wamali, watu wa bustani na maua, tabaka ambalo halikutazamiwa kushika vitabu. Jotirao alibahatika kusoma katika shule ya wamisionari wa Scotland, na aliyoyapata huko akamfundisha mkewe nyumbani. Baadaye Savitribai alipata mafunzo ya ualimu, yakiwemo yale ya Cynthia Farrar, mmisionari wa Kimarekani aliyekuwa Ahmednagar.

Mwaka 1848 wakafungua shule ya wasichana mjini Pune, katika nyumba iliyoitwa Bhide Wada. Wengi huiita shule ya kwanza ya wasichana India nzima, na hapo wanazidisha chumvi: wamisionari walikuwa wakifundisha wasichana Bombay tangu miaka ya 1820. Upya wake ulikuwa mahali pengine. Hii ilianzishwa na Wahindi wenyewe, tena wa tabaka la chini, ndani ya mji uliokuwa makao makuu ya Mapeshwa na ngome ya Mabramini. Isisahaulike pia kwamba nyumba yenyewe ilikuwa ya Bramini. Si kila Bramini alikuwa adui.

Uadui, hata hivyo, ulikuwepo na ulianzia nyumbani. Baba yake Jotirao, aliyebanwa na majirani na ndugu, aliwapa vijana hao hiari ya kufunga shule au kuhama. Wakahama. Waliowapokea walikuwa Waislamu, Usman Sheikh na dada yake Fatima, na Fatima akawa mwenzake Savitribai katika kazi. Njiani hali haikuwa nzuri zaidi. Savitribai alirushiwa matope na mavi ya ng'ombe akienda kufundisha, ikambidi abebe sari ya pili ili abadilishe afikapo darasani. Kisa hiki husimuliwa kila anapotajwa, na ni haki kisimuliwe; lakini matope hayasemi lolote juu ya ufundishaji wake. Insha ya Muktabai inasema.

Shule ziliongezeka haraka. Kufikia mwisho wa 1851 zilikuwa 3 za wasichana mjini Pune, zenye wanafunzi wapatao 150, na mwaka uliofuata serikali ya Kiingereza iliwatunukia akina Phule heshima hadharani. Zikafuata shule za Wamang na za Wamahar, jamii nyingine iliyohesabiwa najisi. Katikati ya pilikapilika hizo Savitribai alitoa diwani ya mashairi, Kavya Phule, mwaka 1854, akiwa na miaka 23.

Darasani hakukumtosha. Mabinti wa Kibramini waliozwa wakiwa watoto, na waume wakifa walinyolewa nywele na kukatazwa kuolewa tena. Mjane akishika mimba, mara nyingi kwa hila ya ndugu wa humo humo nyumbani, alibaki na njia mbili: kujiua au kumuua mtoto. Mwaka 1863 akina Phule walifungua nyumbani kwao makazi ambapo wajane hao wangejifungua kwa siri na kwa usalama. Mmoja wa watoto waliozaliwa na wajane hao, Yashwant, walimwasili wenyewe mwaka 1874, kwani hawakujaliwa mtoto. Yashwant akakua akawa daktari.

Jotirao alifariki Novemba 1890. Savitribai ndiye aliyewasha moto wa kuchomea maiti ya mumewe, kazi ambayo mila iliwaachia wanaume, kisha akashika uongozi wa Satyashodhak Samaj, chama cha kupinga matabaka ambacho Jotirao alikianzisha mwaka 1873. Tauni ilipoenea Pune mwaka 1897, yeye na Yashwant walifungua mahali pa kutibia wagonjwa nje ya mji. Akiwa na miaka 66, alimbeba mgongoni mtoto wa Kimahar aliyeugua na kumfikisha kwa matibabu. Ugonjwa ukamwambukiza, akafa tarehe 10 Machi.

Chuo Kikuu cha Pune kiliongezewa jina lake mwaka 2014, na kila tarehe 3 Januari Maharashtra humkumbuka. Fatima Sheikh hakuacha maandishi mengi nyuma yake; yupo katika barua ambayo Savitribai alimwandikia mumewe mwaka 1856, akiwa mgonjwa kwao Naigaon na akijua kwamba mzigo wa shule umemwelemea Fatima.