Kwa nini dereva wa zamani aliwasha taa mchana

Ford ilipoanza kufunga betri na dainamo kwenye gari lake la Model T mwaka 1919, wapo madereva waliokuwa wakisafiri mchana kutwa huku taa za mbele zinawaka. Jua kali, taa zinawaka. Hawakusahau kuzima. Walikuwa wanakula umeme wa ziada ili betri, ya volti 6 wakati huo, isichemke.

Dainamo huzungushwa na injini. Injini ikikimbia, umeme unapanda. Ikiunguruma taratibu, unashuka. Gari likizimwa, umeme wa betri hutaka kurudi kwenye dainamo. Ukiachwa urudi, betri inaisha na nyaya za dainamo zinaweza kuungua. Dawa yake ilikuwa katauti: koili yenye sumaku na platini mbili. Dainamo ikipata nguvu kuliko betri, sumaku inavuta platini zinagusana na chaji inapita. Injini ikipoa, springi inaziachanisha.

Kuzidi kwa chaji ndiko kulikosumbua zaidi. Mafundi waliongeza brashi ya tatu ndani ya dainamo, ya kulisha koili za sumaku. Mwendo ukiwa mkubwa, brashi hiyo hupata umeme mdogo, hivyo dainamo inajipunguza yenyewe. Fundi aliisogeza kwa mkono kuongeza au kupunguza chaji. Ujanja mzuri, ila brashi haikujua hali ya betri: iliyojaa ilisukumiwa umeme sawa na iliyo tupu, au hata zaidi. Na waya wa betri ukichomoka njiani, volti ziliruka na kuunguza balbu.

Miaka ya 1930 ikaenea regyuleta ya volti, yenye platini zinazofunga na kufungua mara nyingi kwa sekunde. Kampuni ya Lucas ya Uingereza iliiweka kwenye boksi moja na katauti. Land Rover, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948 na kujaa barabara za vumbi za Tanganyika, zilikuja na boksi hilo. Baadaye ikaja altaneta. Dayodi zake huzuia umeme kurudi, kwa hiyo katauti ikastaafu. Regyuleta bado ipo.

Wenye sola pale Ngulyati mnayo mashine inayofanya kazi hizo mbili: kontrola ya chaji. Tunasikia wanaounga paneli moja kwa moja kwenye betri kontrola ikiharibika. Mchana betri inachemka, maji yanakauka, na inatoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka kwa cheche moja tu. Betri ya kawaida ya volti 12 ikiwa inachajiwa, mita isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikikaa juu ya 15, funika paneli kwanza, ndipo uchomoe waya. Betri ikipoa, ongeza maji safi ya betri, siyo asidi.