Kalibu Moja, Majina Matatu

Leo nina jambo ambalo wengine mtalicheka. Nataka kuzungumzia roboti wa kuchezea watoto, wale wanaokunjwa na kukunjuliwa hadi wakawa gari au ndege, na hasa wale waliotolewa upya kwa rangi nyingine. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na ninao kabatini mwangu. Mwenye kucheka na acheke, lakini asiondoke, kwa sababu ndani ya habari hii mna deni langu ambalo sijalilipa.

Deni lenyewe lilianzia kwenye soko la mitumba la Karume, pale Ilala, katikati ya miaka ya 1990. Siku hizo marobota yalipofunguliwa, pembeni ya mashati na suruali kulikuwa na lundo la vikorokoro: mikanda, mikoba, viatu visivyo na pacha, na vitu vya kuchezea watoto. Katika lundo hilo nilipata kidege cha kivita cha rangi ya buluu. Nikakivuta hapa, nikakikunja pale, kikasimama kwa miguu miwili na kuwa mtu. Mimi niliyekulia kwenye magari ya waya na makopo nilikishangaa kama mtoto. Nikakinunua, nikasema ni cha mwanangu. Mwanangu hakukiona kwa muda mrefu.

Mwaka mmoja hivi baadaye nikapita tena. Kijana mmoja, umri wake haukuzidi miaka 18, alikuwa amepanga bidhaa zake juu ya turubai. Katikati yake kilikuwepo kidege kile kile. Mabawa yale yale, pua ile ile, kila kiungo mahali pake. Ila hiki kilikuwa cheusi, na miguu ya zambarau. Nikakigeuzageuza, kisha nikasema kwa sauti, watu wakisikia: "Kijana, hiki umekipaka rangi. Kwangu ninacho cha asili, ni cha buluu." Yule kijana akanijibu kwa upole, "Mzee, mimi sijapaka kitu. Kwaruza na ukucha uone." Sikukwaruza. Nilimwambia utapeli haumfikishi mtu mbali, nikakiweka chini nikaenda zangu. Mama mmoja aliyekuwa ameshika gari la plastiki mkononi alilirudisha kwenye turubai, naye akaondoka.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuiache Karume kidogo twende mbali, maana historia ya kidege kile ni ndefu.

Huko Marekani, katika jimbo la Rhode Island, ndiko ilikoanzishwa mwaka 1923 kampuni iitwayo Hasbro, na ndugu wa ukoo wa Hassenfeld. Mwaka 1964 kampuni hiyo ilitoa mdoli wa askari, urefu wake kama sentimita 30, aitwaye G.I. Joe. Askari huyo alivuka bahari hadi Japani, ambako kampuni ya Takara ya Tokyo ilipata ruhusa ya kumuuza. Wajapani hawakuishia kuuza. Mwaka 1972 walichukua umbile la mwili wa askari yule, wakalitengeneza kwa plastiki inayopitisha mwanga, wakatia mitambo kifuani, wakamwita jina jingine kabisa: Henshin Cyborg. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa ukoo huu wa roboti unatokana na mwili wa zamani uliovikwa sura mpya.

Mwaka 1974 Takara wakapunguza kimo. Wakatoa watu wadogo wa sentimita 10 hivi, walioitwa Microman. Mwaka 1980 wakatoa safu nyingine, Diaclone. Hapo ndipo yalipokuja magari na ndege zinazogeuka roboti, kila kimoja na nafasi ya dereva wake, kijitu cha sentimita 3 hivi chenye sumaku miguuni. Roboti katika hadithi ya Diaclone alikuwa mashine tu. Aliyekuwa hai ni dereva.

Mwaka 1983 watu wa Hasbro waliziona bidhaa hizo Japani, na mwaka uliofuata, 1984, wakazileta Marekani kwa jina la Transformers. Walichanganya ndege na magari ya Diaclone na vitu vingine vya Takara, wakamwondoa dereva, wakasema roboti wenyewe ndio wenye uhai. Mpaka leo ukikifungua kifuniko cha rubani cha kidege changu cha buluu utakiona kiti. Kiti kipo, na hakuna wa kukikalia.

Lakini kitu kikipewa uhai kinadai jina. Kazi hiyo ilimwangukia mhariri mmoja wa kampuni ya vitabu vya katuni ya Marvel, Bob Budiansky. Yeye ndiye aliyebuni majina mengi ya roboti wale na kuwaandikia tabia zao: huyu mwoga, huyu msaliti, huyu mcheshi. Na hapa ndipo rangi ilipopata kazi yake kubwa.

Nieleze kidogo mambo ya kiwandani. Kitu cha plastiki huzaliwa ndani ya kalibu ya chuma. Plastiki huyeyushwa, husukumwa ndani ya kalibu kwa nguvu, hupoa, hutoka. Kuichonga kalibu ya kitu chenye viungo vingi ni kazi ya mafundi stadi na gharama yake ni kubwa mno. Plastiki yenyewe ni rahisi, na kubadilisha rangi yake ni rahisi zaidi. Basi mfanyabiashara mwenye akili akishailipia kalibu haitumii mara moja. Atatoa kidege cha kijivu na chekundu, kesho cha buluu, keshokutwa cheusi, na gharama kubwa amekwisha kuimaliza siku ya kwanza.

Hivyo ndivyo mwaka 1984 kalibu moja ya ndege aina ya F-15 ilivyotoa watu watatu. Wa kijivu aliitwa Starscream, msaliti anayeutamani uongozi wa mkubwa wake. Wa buluu aliitwa Thundercracker. Mweusi mwenye zambarau aliitwa Skywarp. Mwaka 1985 wakabadilishiwa mabawa, wakapatikana wengine watatu. Mambo yalikuwa hayo hayo kwa magari. Nissan Vanette, gari tunalolijua vizuri sana katika barabara zetu, lilipokuwa jekundu lilikuwa mlinzi aitwaye Ironhide. Lilipokuwa jeupe lilikuwa gari la wagonjwa, na jina lake Ratchet, tabibu.

Mama zetu wala wasingeona ajabu katika hilo. Nenda duka lolote la kanga. Utakuta pindo moja, mji mmoja, na doti zimepangwa: nyekundu, ya kijani, ya zambarau. Badili jina la kanga, na mama aliyenunua ya kwanza atanunua na ya pili, kwa sababu ya pili inasema neno jingine. Na tukumbuke kwamba katika miaka ya 1950 na 1960 kanga nyingi zilizovaliwa pwani yetu zilichapwa huko huko Japani. Hakuna aliyesema kanga ya kijani ni ya kughushi kwa kuwa nyekundu ilitangulia. Mimi, mtoto wa mama aliyekuwa na sanduku zima la kanga, nilipaswa kulijua hilo nilipokuwa Karume.

Nisiwapambe wafanyabiashara hawa, kwani hesabu yao ilikuwa na upande mkali. Mwaka 1969 wakubwa wa mawasiliano wa Marekani walikikemea kipindi kimoja cha watoto kwa kuwa kilikuwa tangazo la magari ya kuchezea lililovaa nguo za hadithi. Lakini enzi za Rais Reagan upepo ulibadilika, na mwaka 1984 mipaka ya muda wa matangazo katika televisheni ililegezwa. Mwaka huo huo katuni ya Transformers ikaanza. Mtoto alikaa nusu saa akimwangalia rafiki yake, kumbe anaangalia bidhaa.

Mwezi Agosti 1986 filamu yao ikaingia kwenye kumbi za sinema. Ndani yake Optimus Prime, kiongozi mwema, yule lori jekundu, aliuawa mapema kabisa, na wenzake wengi wa mwaka 1984 wakafa naye. Sababu ilikuwa ya dukani: bidhaa mpya za mwaka ule zilihitaji nafasi. Watoto walilia ndani ya kumbi. Wazazi wakalalamika, na mwaka 1987 Optimus akafufuliwa katika televisheni. Mwaka 1990 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kurudisha mipaka ya matangazo katika vipindi vya watoto. Mtu anaweza kusema ni kilio cha bure, plastiki haifi. Lakini ukimpa mtoto jina la kupenda umeshaingia mkataba naye, na mkataba ule ulivunjwa kwa ajili ya mauzo.

Mwaka 1993 Hasbro wakarudi na safu waliyoiita Generation 2. Wengi wake walikuwa miili ya zamani kwa rangi za kuumiza macho. Haikudumu. Lakini watoto wa 1984 walikuwa wamekua, wana mishahara, na walianza kutafutana. Mwaka 1994 mashabiki walikutana katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana, katika mkutano walioupa jina la BotCon. Zawadi maalumu ya mkutano ule ilikuwa roboti wa zamani aliyetolewa kwa rangi mpya. Yaani kile kilichokuwa ujanja wa kiwanda wa kubana matumizi, sasa kikawa heshima ya mkusanyaji.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa lori. Mwaka 1995 ilitolewa kalibu mpya ya Optimus Prime akiwa lori la kuvuta tangi la mafuta. Mwaka 2000, huko Japani, kalibu ile ile ikatoa lori jeusi, na mwaka 2001 likauzwa Marekani kwa jina la Scourge. Huyu alikuwa adui. Ni sura ile ile na ngumi zile zile, na watoto hawakuchanganya hata siku moja yupi wa kumshangilia.

Nilijifunza haya polepole. Ndugu yangu mmoja aliyerudi kutoka Marekani aliniletea kijikaratasi cha orodha, kile kilichokuwa kikiwekwa ndani ya maboksi ya mwaka 1984. Nikakifungua mezani. Nikakiona kidege changu cha buluu. Na nikakiona cheusi, chenye miguu ya zambarau, kikiwa na jina lake kamili. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu aliwasili jioni ile.

Jibu la kijana yule lilikuwa sahihi kabisa. Kwaruza na ukucha uone. Plastiki ya kiwandani ina rangi mpaka ndani. Ukiikwaruza nyeusi, chini yake ni nyeusi. Rangi ya gereji hukaa juu, hujikusanya kwenye viungo, na humeguka pale kiungo kinapozunguka. Ni kipimo kisichohitaji shule wala fedha. Yeye alikuwa nacho, akanipa bure, mimi nikakikataa kwa sababu ya umri wangu na suruali yangu iliyopigwa pasi.

Nilirudi Karume Jumamosi iliyofuata. Turubai lile lilikuwa limetandikwa na mtu mwingine anayeuza sidiria na soksi. Nikauliza, nikaambiwa kijana alikwenda mkoani, wengine wakasema yuko Kariakoo anauza saa. Nilizunguka Kariakoo Jumamosi nne. Sikumwona.

Miaka imepita. Kidege cheusi nilikipata baadaye kwa njia nyingine, kikiwa kimekatika bawa moja. Nimekiweka kabatini pembeni ya kile cha buluu. Vitu hivi havidumu kama tunavyodhani: plastiki nyeupe hugeuka njano kwa mwanga wa jua, na ile iliyochanganywa na vumbi la rangi ya dhahabu katika miaka ile ya 1980 huwa dhaifu hata ikavunjika mkononi kama biskuti. Nimeziba dirisha la upande ule kwa pazia nene.

Mjukuu wangu huniuliza kwa nini nina ndege mbili zinazofanana. Humwambia si mbili zinazofanana, ni watu wawili, kila mmoja ana jina lake. Akikua kidogo nitamweleza na habari ya kijana wa Karume. Na wewe kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi zako, kama unanisikia popote ulipo: kidege kile hukukipaka rangi. Nilikutukana mbele ya wateja wako, nawe ulikuwa mkweli. Nakuomba radhi mbele ya watu, kama nilivyokukosea mbele ya watu.

Tukijaliwa uzima, tukutane juma lijalo.