Kata za Karate na Elimu ya Kujihami

Atazamaye kata ya karate kwa mara ya kwanza huona jambo lisilofahamika upesi. Mtu yu peke yake uwanjani, hana adui mbele yake. Lakini hupiga ngumi, hugeuka, huvuta mkono nyongani, huinua goti, kisha husimama kimya. Mmoja atasema kuwa hii ni ngoma. Mwingine atasema kuwa ni mazoezi ya viungo. Kila mmoja ana sehemu ya haki, lakini historia ya Okinawa yashuhudia jambo la tatu: kata ilikuwa hifadhi ya elimu ya kujihami kwa mtu asiye na silaha. Makusudi ya insha hii ni kueleza jinsi elimu hiyo ilivyohifadhiwa, jinsi umbo lake lilivyotengana na maana yake, na kwa kipimo gani yaweza kusomwa tena.

Neno kata katika Kijapani maana yake ni umbo au kalibu, wala halina udugu na kata ya kutekea maji. Asili yake ni katika visiwa vya Ryukyu, ambavyo zamani vilikuwa na ufalme wao na biashara kubwa na Uchina. Mwaka 1609 ufalme huo ulishindwa na majeshi ya Satsuma kutoka Japani, na mwaka 1879 Okinawa ilifanywa mkoa wa Japani. Husimuliwa sana kwamba karate ilibuniwa na wakulima walionyang'anywa silaha ili wapigane na mashujaa wenye panga. Masimulizi hayo yapendeza, lakini ushahidi hauyaungi mkono. Walimu wa zamani tunaowajua kwa majina walikuwa zaidi watu wa tabaka la juu na watumishi wa serikali. Matsumura Sokon, mmoja wa wakubwa wao katika karne ya 19, alikuwa mlinzi wa wafalme wa Ryukyu.

Jambo hili si dogo. Mlinzi hafikirii vita vya uwanjani wala mashindano yenye mwamuzi. Hufikiri juu ya mkono unaomkwida mtu ghafula, koo linalokabwa, na ngumi inayotoka karibu bila ya onyo. Elimu ya namna hii ilifundishwa kwa siri na kwa watu wachache, na maelezo yake yalitoka kinywani mwa mwalimu. Kata ndiyo iliyokuwa kitabu, na kitabu chenyewe kiliandikwa mwilini. Funakoshi Gichin, aliyezaliwa mwaka 1868, ameeleza kuwa alitumia miaka 10 katika kata tatu tu za Naihanchi.

Natuitazame Naihanchi hiyo. Mchezaji hupiga hatua ya kando, hunyosha mkono mmoja ubavuni ukiwa wazi, kisha hukipiga kiganja chake mwenyewe kwa kiwiko cha mkono wa pili. Kwa nini mtu akipige kiganja chake? Akifikiri kuwa adui yu mbali, hapati jibu. Akifikiri kuwa adui amekwisha karibia, jibu huja lenyewe: mkono uliotangulia umekishika kichwa cha adui, na kiwiko chafuata pale kichwa kilipo. Hivyo mpigaji hana haja ya kukitafuta kichwa kwa macho, kwani mkono wake umekwisha kumwonyesha.

Kadhalika mkono unaovutwa nyongani, ambao Wajapani huuita hikite. Wanafunzi wengi huambiwa kuwa mkono huu huongeza nguvu ya ngumi ya upande wa pili. Lakini mkono uliokaa nyongani umeuacha uso bila ya kinga, na hakuna mpiganaji mwenye busara afanyaye hivyo bure. Ukisomwa kuwa ni mkono ulioshika nguo au kifundo cha adui na kumvuta aje kwenye pigo, unakuwa na kazi iliyo wazi. Hata lugha yenyewe yatusaidia: jina la yale yanayoitwa makingo limetokana na kitenzi ukeru, chenye maana ya kupokea. Apokeaye hushika, asukumaye mbali hapokei.

Basi maana hii ilipoteaje? Jibu moja lipatikana shuleni. Mwaka 1901 Itosu Anko, mwanafunzi wa Matsumura, alianza kufundisha karate katika shule ya msingi ya Shuri, na mwaka 1905 elimu hiyo ikaingia katika shule ya kati ya mkoa. Itosu ndiye aliyetunga kata tano za Pinan, zilizokuja kuitwa Heian huko Japani. Nia yake ilikuwa afya, nidhamu na nguvu za vijana. Makundi ya watoto yaliyopangwa safu safu hayawezi kufundishwa kuvunja viungo na kukaba makoo. Yalifundishwa kupiga hewa kwa pamoja, na maelezo yakawa mafupi na salama. Hata hivyo Itosu hakusahau asili. Katika maagizo yake kumi ya mwaka 1908 alieleza kuwa karate ni njia ya kujiepusha na madhara ya mhuni, na kwamba mwanafunzi ajifunze maana ya kila pigo na wakati wa kulitumia.

Jibu la pili ni safari ya kwenda Japani bara. Funakoshi alikwenda Tokyo mwaka 1922, na karate ikaenea katika vyuo vikuu. Mwaka 1936 walimu waliokutana Naha waliafiki kuiandika kwa herufi za "mkono mtupu" badala ya "mkono wa Uchina". Kisha vita vya Okinawa vya mwaka 1945 viliiangamiza Shuri na roho nyingi pamoja nayo. Mwaka 1957 yalifanyika Tokyo mashindano ya kwanza ya Japani nzima ya chama cha karate cha nchi hiyo. Washindani husimama mbali, huingia na kutoka. Basi kata nazo zikaelezwa kana kwamba zilitungwa kwa ajili ya umbali huo.

Haikosi kuwa walikuwako waliokumbuka. Motobu Choki alitoa kitabu mwaka 1926 chenye mapambano ya watu wawili walio karibu sana. Mabuni Kenwa mwaka 1934 alichapisha sehemu ya Bubishi, maandishi yenye asili ya Kichina yaliyohifadhiwa Okinawa. Funakoshi mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1935, alionyesha njia za kumwangusha adui mweleka. Kwa ushahidi huu, wale ambao tangu miaka ya 1990 wameisoma kata upya, kama Patrick McCarthy mzaliwa wa Kanada na Iain Abernethy wa Uingereza, hawakuzua jambo geni.

Lakini hapa pana hatari ambayo msomi hana budi kuitahadhari. Wanaosoma tenzi za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu wajua kuwa herufi moja yaweza kusimama mahali pa b, p au mb. Asiyeijua lugha atasoma alitakalo, na kosa lake litakuwa na sura ya ukweli. Ndivyo ilivyo kata: umbo moja laweza kubeba maana nyingi, na si kila maana iliyobuniwa ina haki ya kuitwa ya asili.

Kwa hiyo kipimo chahitajika. Kwanza, shambulio liwe lile la mhuni wa njiani, yaani kukwidwa, kusukumwa au kupigwa ngumi ya mzunguko, wala lisiwe pigo la mwanafunzi wa karate. Pili, mikono yote miwili iwe na kazi. Tatu, umbo lisipotoshwe ili likubaliane na ubunifu wetu. Nne, lijaribiwe na mwenzi anayekataa kushindwa, maana mwenzi mtiifu huifanya kila hila ionekane kuwa kweli. Tano, mwisho wake uwe nafasi ya kukimbia, kwani ajihamiye hatafuti ushindi ila usalama wake. Maana itakayopita katika vipimo hivi haitakuwa lazima ndiyo aliyoikusudia mtungaji wa kwanza, lakini itakuwa maana yenye faida na isiyomdanganya mwenye kuitumia.

Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Kiyuna Ryo, mwana wa Okinawa, alipata nishani ya dhahabu kwa kata. Huo ni utukufu usiokanika. Lakini waamuzi hupima uzuri, kasi na uthabiti. Mhuni njiani hapimi hayo. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa mkono wa nyongani ni pambo ataukosa siku atakapokabwa, na gharama ya upotevu huo hailipwi kwa nishani. Umbo lililohifadhiwa bila ya maana si hasara tupu, maana lingali laweza kufasiriwa. Hasara kamili ni pale watu watakapolisifu umbo hata wakaacha kuuliza lilitungwa kwa kazi gani.