Ulinganishaji wa matini unaozingatia ukubwa wa herufi

Ulinganishaji wa matini unaozingatia ukubwa wa herufi ni utaratibu wa kutafuta taarifa katika hifadhidata ambapo herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti, hivyo "Asha" hailingani na "ASHA". Msingi wake ni usimbaji: katika ASCII na Unicode, A ina namba 65 na a ina namba 97. Mfumo ukilinganisha namba hizo moja kwa moja, tofauti huonekana. Ukifuata kanuni ya lugha inayozisawazisha, hupotea.

Mifumo ya hifadhidata haikubaliani. PostgreSQL na Oracle kwa kawaida huzitofautisha herufi kubwa na ndogo, na PostgreSQL ina opereta ILIKE kwa anayetaka kuzisawazisha. MySQL, tangu toleo la 8.0, kwa kawaida hutumia kanuni ya ulinganishaji iitwayo utf8mb4_0900_ai_ci isiyojali ukubwa wa herufi wala alama za matamshi. Anayehitaji ulinganifu kamili huongeza kwenye ulizo agizo la COLLATE utf8mb4_0900_as_cs au utf8mb4_bin. SQLite inachanganya zaidi: alama ya = huzitofautisha, lakini opereta LIKE huzisawazisha, na hilo kwa herufi A hadi Z pekee.

Uchaguzi wa kanuni ni muhimu kwa misimbo na vitambulisho, ambamo kosa la herufi moja huweza kuleta rekodi isiyo sahihi. Kubadili kanuni ndani ya ulizo lenyewe huweza kuizuia hifadhidata kutumia faharasa ya safu husika, na utafutaji katika jedwali kubwa hupungua kasi. Ni bora kanuni iwekwe kwenye safu tangu jedwali linapoundwa.