CA-125: Kipimo cha damu kinachofuatilia tiba ya saratani ya ovari

MWANAMKE anayetibiwa saratani ya ovari, yaani mifuko ya mayai ya uzazi, kwa kawaida huchukuliwa damu kabla ya kila awamu ya dawa. Miongoni mwa yanayopimwa ni CA-125, protini inayomwagwa katika damu na chembe za uvimbe, ambayo kipimo chake kilitokana na kazi ya Dk. Robert Bast na wenzake mjini Boston, Marekani, mwaka 1981.

Kiwango cha kawaida ni chini ya yuniti 35 kwa mililita moja ya damu. Kwa wagonjwa ambao saratani imekwisha kusambaa, takriban wanne kati ya watano huzidi kiwango hicho. Katika hatua ya kwanza ni kama nusu tu. Isitoshe, namba hupanda pia kwa sababu ya ujauzito, hedhi, uvimbe wa kizazi usio saratani, maradhi ya ini na hata kifua kikuu cha tumboni. Kwa hiyo kipimo hiki pekee hakithibitishi ugonjwa.

Nguvu yake imo katika kufuatilia tiba. Kiwango cha kabla ya matibabu huwa msingi wa kulinganishia. Kikishuka kwa nusu au zaidi na kubaki chini kwa siku 28, uvimbe huhesabiwa kuwa unaitikia dawa. Madaktari huangalia mwelekeo wa vipimo kadhaa, kwani upasuaji wenyewe huweza kuipandisha namba kwa wiki kadhaa. Ni vyema pia kutumia maabara ileile, kwa kuwa mashine hutofautiana. Ambaye CA-125 yake haikupanda tangu mwanzo, kipimo hicho hakimfai sana. Huenda akapimwa HE4, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008.

Utata huanza tiba inapokwisha. Namba huweza kupanda miezi kadhaa kabla ya dalili, na wengi hudhani kuwahi ni kupona. Utafiti ulioongozwa na Profesa Gordon Rustin wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2010, ulilinganisha wanawake 529 ambao namba zao zilikuwa zimepanda. Walioanzishiwa dawa mara moja walitangulia wenzao waliosubiri dalili kwa takriban miezi mitano, lakini hawakuishi muda mrefu zaidi, na hali yao ya maisha ilizorota mapema.

Hata hivyo, mwaka 2021 utafiti wa DESKTOP III ulionyesha kuwa upasuaji wa pili huongeza muda wa kuishi kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu, hasa uvimbe wote unapoondolewa. Hivyo baadhi ya madaktari hawakubali kuiacha CA-125, na namba ikipanda huagiza picha za CT kwanza. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza, kabla ya kutolewa damu, matokeo yatabadilisha nini katika tiba yake. Wapo wanaochagua kutopimwa hadi dalili zijitokeze.